Kabla hujawasha mashine ya kopi: kwa mnaoanza kazi ya maktaba Mtwara na Lindi

Mwanachuo akikuletea kitabu cha kurasa 300 na kusema “nitolee chote, weka na spairo”, usimfokee, wala usimkubalie kwa huruma. Fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Soma nani mwenye haki (mara nyingi ni mchapishaji, si mwandishi), mwaka wa kuchapwa, na kama kuna leseni yoyote. Wageni wengi wa kazi hii huruka hapo, wakaishia ama kuwanyima watu kila kitu, ama kuigeuza maktaba kuwa steshenari.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haitishi kama inavyosimuliwa. Kazi inalindwa tangu ilipotungwa, iwe imesajiliwa COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au la, na ulinzi hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyo hiyo inamwachia msomaji nafasi ya kutoa nakala kwa matumizi yake binafsi, mwandishi kunukuu akitaja chanzo, na mwalimu kutumia kipande cha kufundishia. Kudurufu kitabu kizima au sehemu yake kubwa hakumo. Ile asilimia 10 ya kitabu utakayotajiwa na kila mtu kuwa ndiyo inayoruhusiwa ni mazoea tu. Swali la kujiuliza ni kama nakala yako inachukua nafasi ya kitabu ambacho mtu angekinunua.

Kwa hiyo sura moja kwa msomaji mmoja, sawa. Darasa la watu 80 likitaka sura ile ile, hayo si matumizi binafsi tena. Tenga vitabu viwili halisi vya kusomewa humo humo maktabani, visiazimwe, kisha mwandikie mchapishaji kuomba ruhusa. Barua itaje kurasa kutoka ngapi hadi ngapi, nakala ngapi, nani atapewa, kama kuna malipo, na kwa muda gani. Barua ya “tunaomba kutumia kitabu chenu” hukaa mezani kwa mtu bila kujibiwa, kwa sababu hajui anaombwa nini hasa. Na kimya si ruhusa. Jibu likija, lihifadhi kwenye faili pamoja na nakala ya barua yako.

Mkoroshoni ndiko utakakoulizwa zaidi. Viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao) na wakulima wa Newala au Nachingwea watataka vipeperushi kuhusu ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), unyunyiziaji wa salfa, ubebeshaji wa miche. Watu hudhani kila karatasi yenye nembo ya serikali ni ya bure kurudufu. Zilizo huru ni sheria zenyewe na hukumu za mahakama. Kipeperushi cha wataalamu kina mwenyewe. Lakini maarifa yaliyomo hayana mwenyewe kwa maana ya hakimiliki. Kipimo cha dawa, msimu wa kupuliza, dalili za ugonjwa kwenye maua: hayo unaweza kuyaandika upya kwa maneno yako, na picha ulizopiga mwenyewe shambani, ukataja ulikoyatoa. Kinacholindwa ni maneno yao, mpangilio wao na michoro yao. Kubadilisha neno hapa na pale si kuandika upya. Ukiona unahitaji kipeperushi kama kilivyo, kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapo hapo Mtwara, nenda ukaombe.

Nyaraka zenye leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ambayo mwenye kazi ameitoa mapema kwa wote, zisome herufi kwa herufi. BY ni kutaja mwandishi. NC inazuia biashara. SA inakutaka utoe kazi yako kwa masharti yale yale. Inayowanasa wengi ni ND: unaruhusiwa kusambaza, ila si kugawa tafsiri yako. Mwongozo wa Kiingereza wenye ND usiutafsirie wakulima kabla hujaomba.

Muda wa ulinzi nao hutofautiana nchi na nchi. Wageni wa Lindi huulizia sana mijusi ya Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, iliyochimbwa 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin. Mjerumani Werner Janensch, aliyeandika kwa kina kuihusu, alifariki 1969. Kwa hesabu ya miaka 50 maandishi yake yako huru kwetu tangu 2020, ila Ujerumani, inakohesabiwa miaka 70, bado hadi mwisho wa 2039. Kuyaweka kwenye kompyuta ya maktaba ni jambo moja, kuyapandisha kwenye tovuti inayosomwa Berlin ni jingine.

Rekodi za ngoma na simulizi ndizo ngumu kuliko zote, na hapa sheria peke yake haitoshi. Aliyeimba ana haki zake, aliyerekodi ana zake, na matumizi ya kibiashara ya sanaa za jadi huombewa kibali Baraza la Sanaa la Taifa. Sindimba ya uwanjani haina shida ukikubaliana na kikundi. Nyimbo za unyago ni habari nyingine: nyingi hazikukusudiwa masikio ya kila mtu, na kwa maoni yetu maktaba haina sababu ya kuzifungulia wote kwa jina la elimu. Muulize kungwi nani asikie na nani asisikie, rekodi jibu lake mwanzoni mwa faili, na sharti liingie hadi kwenye jina la faili, kwa sababu karatasi za ridhaa hupotea ofisi ikihama. Nakala ya kwanza, kwenye memori kadi, wakabidhiwe wenyewe.