Dakika 12 au mbio za mlio: namba ipi uiamini?

Kocha, unalalamika kwamba kijana mmoja alipata 51 kwenye dakika 12 za Cooper (kukimbia umbali mrefu uwezavyo kwa dakika 12) na 46 kwenye mbio za mlio za mita 20 (kwenda na kurudi kati ya mistari miwili kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha). Si ajabu. Namba hizo ni VO2max, yaani kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia (mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika), na vipimo vyote viwili vinaikisia kutokana na mwendo. Hakuna kinachoipima yenyewe kama mashine ya maabara.

Anza na uwanja. Mnazunguka nje ya mistari ya uwanja wa mpira? Wenye mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346, si 400. Mizunguko minane ni mita 2,768, lakini ukiiandika 3,200, kanuni ya Cooper (mita toa 504.9, gawanya kwa 44.73) inakupa 60 badala ya 50.6. Kosa hilo peke yake linazidi tofauti unayoilalamikia! Pima kwa futi kamba, weka koni kila mita 50.

Kosa la pili ni kuanza kwa pupa. Anayelenga mita 2,800 apite kila mita 400 kwa sekunde 103 hivi. Mtajie muda wake kila mzunguko.

Mbio za mlio zina kusimama na kugeuka, kwa hiyo mwenye miguu mizito kwenye kona huishia mapema hata kama pumzi anayo. Kwa mpira wa miguu mimi ningechagua hizo. Kwa mkimbiaji wa mita 5,000, Cooper.

Ukishachagua, usichanganye namba za vipimo viwili. Rudia kilekile, saa ileile, uwanja uleule, viatu vilevile, na siku moja kabla wasifanye mazoezi makali.