Kumsomea Mgonjwa Neno: Usome Nini, Lini, na kwa Muda Gani

Wengi wetu tukienda kumwona mgonjwa hubeba Biblia, lakini wachache hujua watakachosoma kabla ya kufika kitandani. Ukurasa unafunguliwa popote mkono unapoangukia, au inasomwa Isaya 53 kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwenye kila mkesha. Kisha wanasali kwa sauti ya mkutano wa hadhara, wanaaga, na mgonjwa anabaki hoi kuliko walivyomkuta. Sisi tunaamini kwa moyo wote kwamba Neno la Mungu humtia mgonjwa nguvu na kwamba Bwana huponya. Basi lipewe heshima yake: lisomwe kwa namna ambayo mtu mwenye homa, maumivu na hofu ataweza kulipokea.

Anza na muda. Kwa mgonjwa aliyelazwa, dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa ziara nzima, salamu zikiwemo. Masomo yawe aya 3 hadi 8, zisomwe polepole, kisha zirudiwe mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza mgonjwa huwa anazoea sauti yako tu na maneno hayajaingia. Sala isizidi dakika 2 au 3. Keti, usisimame juu yake. Anayekutazama kutoka kwenye mto huumia shingo. Ongea kwa sauti inayofika kitanda hicho kimoja. Kitanda cha jirani yupo mtu mwingine, huenda ni Mwislamu, huenda ndiyo kwanza amepata usingizi tangu usiku wa jana, na wodi ni yake pia.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, lakini maombi aulizwe. "Naomba nikusomee zaburi fupi, ni sawa?" Akisema leo hapana, mpe pole, kaa naye kidogo, nenda. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 usiku na mchana pasipo kusema neno (Ayubu 2:13), na hizo ndizo siku zao bora. Makosa yao yote yalianza walipofungua vinywa.

Lipi lisomwe? Hilo linategemea mgonjwa yuko hatua gani.

Anayesubiri majibu ya vipimo anasumbuliwa na kutojua. Mpe Zaburi 121, aya 8 tu, au Isaya 41:10. Hapo bado si mahali pa ahadi ya uponyaji wala pa kufariji msiba. Ni mahali pa kumwambia hayuko peke yake. Anayekwenda kupasuliwa kesho hufaidika sana na maneno mafupi anayoweza kwenda nayo hadi kwenye meza ya upasuaji akiwa hana miwani wala simu. "Bwana atamtegemeza alipo mgonjwa kitandani", Zaburi 41:3, ni mstari mmoja. Mrudieni pamoja mara tatu au nne mpaka autamke bila kusoma.

Usiku ndio mgumu kuliko yote, maana wageni wameondoka, taa zimepunguzwa na maumivu yanasikika zaidi. Kwa hiyo usiondoke jioni bila kumwachia kitu. Andika Zaburi 4:8 kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, uibandike au uiweke juu ya kabati upande anaolalia. Kama ana simu na spika za masikioni, mwekee Biblia ya kusikiliza kwenye sura moja iliyo tayari, ili asihangaike kutafuta. Sura ya 14 ya Yohana inafaa. Orodha za ukoo katika Mambo ya Nyakati hazifai, na ndizo zitakazoendelea kusomwa saa nane za usiku ukiacha programu ijichagulie.

Kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu, kama saratani au figo, zaburi za furaha pekee huishia kumchosha. Huanza kuona kwamba imani hairuhusu kulia. Msomee Zaburi 13, inayoanza kwa kumwuliza Mungu "hata lini?" na kufika kwenye wimbo katika aya 6. Akiwa chini kabisa, ipo Zaburi 88, ambayo inamalizikia gizani bila kugeuka. Wasomaji wengi huikwepa kwa kudhani itamvunja moyo. Mara nyingi hutokea kinyume: mgonjwa anagundua kwamba aliyokuwa akiyaficha yamo tayari ndani ya Maandiko, na mtu wa Mungu aliyasema mbele za Mungu bila kufukuzwa.

Dawa na maombi havigombani

Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo nisemwe vyovyote, nitasema wazi. Hakuna mahali katika Biblia ambapo mgonjwa aliamriwa kuacha tiba ili kuthibitisha imani. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Bwana miaka 15 zaidi, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38). Paulo, ambaye kwa mikono yake wagonjwa waliponywa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Luka anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14. Wakatoliki wanacho pia kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, inayosema waziwazi kwamba Bwana ndiye aliyeziumba dawa kutoka katika nchi.

Tanzania ina somo lake. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wapo waliotolewa wodini wakiwa na hali mbaya wakafia njiani au kwenye foleni, na wapo walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, wakiamini wamepona.

Kosa hilo linajirudia kwa sura ndogo kila wiki, na mara nyingi linaanza na ushuhuda wa kweli ulioeleweka vibaya. Mtu anayetumia ARV vizuri hupima wingi wa virusi na kuambiwa havionekani. Hiyo ni habari njema ya kumshukuru Mungu, lakini maana yake ni kwamba dawa imevibana. Akiacha, ndani ya wiki chache vitaongezeka tena. Kifua kikuu vilevile. Kikohozi na homa hupungua mapema, mgonjwa ananenepa, anasimama kanisani kushuhudia, anaacha vidonge kabla ya miezi 6 ya tiba ya kawaida kuisha. Vimelea vilivyobaki hurudi, na safari hii vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Mwenye kifafa akikatisha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma. Kanuni ya kumpa mgonjwa ni nyepesi: shuhudia wakati wowote, lakini dawa ibadilishwe na daktari, baada ya kipimo.

Kufunga nako kunahitaji akili. Mwenye kisukari anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari akifunga bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha kupoteza fahamu. Mama mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo na aliyedhoofika wasiwekwe kwenye mfungo. Zaburi 35:13 inatuonyesha mpangilio mzuri, kwani pale Daudi mzima anafunga kwa ajili ya wengine waliougua. Basi jumuiya ifunge, mgonjwa ale.

Kuhusu maji ya maombi, ulizeni nesi kwanza. Aliyeandaliwa kwa upasuaji haruhusiwi kula, na kuna saa ambapo hata maji huzuiwa, wala si bure: akilazwa usingizi tumbo likiwa na kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Glasi moja ya nia njema imeshaahirisha upasuaji wa watu wengi. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu naye hupimiwa maji ya kunywa kwa siku, na chupa ya nusu lita nje ya kipimo chake inaweza kumletea uvimbe na kubanwa pumzi.

Mafuta na mikono

Yakobo 5:14 inasema, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa". Angalieni nani anayeita. Ni mgonjwa mwenyewe, na waitwao ni wazee wa kanisa lake wanaojulikana. Mtu asiyefahamika anayezunguka wodini na chupa akiomba namba ya simu na sadaka hana nafasi katika aya hiyo, na familia ina haki ya kumwambia aondoke.

Tone moja kwenye paji la uso linatosha. Mafuta yasipakwe kwenye kidonda, mahali palipoungua, mshono wa upasuaji wala karibu na sindano ya dripu, kwa sababu yanaweza kuingiza vijidudu na kufanya plasta ibanduke. Mgonjwa mwenye oksijeni usoni asipakwe mafuta karibu na pua na mdomo, wala pasiwashwe mshumaa, maana oksijeni huchochea moto kwa kasi ya kutisha. Nawa mikono kabla na baada. Ukiwekea mtu mikono, weka begani au mshike kiganja, kwa ruhusa yake. Kukandamiza tumbo au kifua kinachouma si upako.

Kwa Wakatoliki, mpako wa wagonjwa hutolewa na padre au askofu tu, kwenye paji la uso na mikononi. Familia nyingi huchelewa kumwita padre zikihofia mgonjwa atadhani amehukumiwa kufa. Matokeo yake padre hufika mgonjwa hana fahamu, hawezi kuungama wala kupokea Ekaristi. Sakramenti hiyo ni ya mgonjwa mahututi, ya mzee aliyedhoofika, ya anayekwenda kwenye upasuaji mkubwa, na inaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Mwiteni mapema.

Maneno yanayojeruhi

"Ungekuwa na imani ungekuwa umeshapona." "Chunguza dhambi uliyofanya." Maneno haya husemwa na watu wanaompenda mgonjwa, na ndiyo humfanya afiche maumivu kwa daktari ili asionekane ameshindwa. Yesu aliulizwa swali hilohilo juu ya kipofu wa kuzaliwa akajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Paulo aliomba mara 3 mwiba wa mwilini mwake uondoke, akajibiwa "Neema yangu yakutosha". Epafrodito aliugua karibu na kufa akapona. Trofimo aliachwa Mileto akiwa hawezi. Wote wawili walikuwa watenda kazi pamoja na Paulo, na hakuna aliyelaumiwa kwa upungufu wa imani. Mgonjwa akikwambia anaona imani yake inayumba, msomee sala ya yule baba aliyemletea Yesu mtoto wake, katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa baada ya sala hiyo hiyo yenye nyufa.

Kwa hiyo katika kuomba, taja uponyaji kwa jina lake, bila woga: Bwana, shusha homa hii, funga kidonda hiki, ongoza mikono ya madaktari. Usitangaze tarehe. Usimwambie "kesho unatoka" kama hukuambiwa na daktari, maana kesho ikifika akiwa bado kitandani, atakayepoteza ni yeye. Na madaktari wakisema tiba imefika mwisho, endelea kwenda. Zaburi 23 na Yohana 14 zisomwe polepole zaidi, na sauti isikike hata kama hafumbui macho, kwani anaweza kuwa bado anasikia. Huo pia ndio wakati wa kuuliza kama kuna mtu anayetaka kupatana naye.

Yupo mmoja husahaulika: mwuguzaji, yule mama au dada anayelala kwenye kanga chini ya kitanda, anayefua, anayekimbilia duka la dawa. Katika Marko 2:1-12 Yesu aliiona imani ya waliombeba yule mwenye kupooza, na kuezua dari si kazi ndogo. Msomee na yeye aya hizo 12, umwombee kwa jina. Kisha mpe nauli, au kaa na mgonjwa saa 2 ili aende nyumbani akaoge, ale chakula cha moto na kulala kidogo. Mkiwa jumuiya, andikeni zamu kwenye karatasi, jina na siku, maana wiki ya kwanza wageni hujaa hadi korido na wiki ya tano hakuna hata mmoja.