Kwa mnaoanza kuongoza wageni CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, kutoka kwa aliyeumbuka

Jumamosi nilisimama nyuma ya kundi, nikamsikia mdogo wangu mmoja wa kazini akiwaambia wageni kwamba handaki la kilomita 27 lilichimbwa kwa ajili ya LHC, mashine kubwa ya kugonganisha protoni. Nikafumba macho. Aibu ya zamani ilinirudia yote.

1. Handaki ni la LEP, mashine iliyoitangulia LHC. Uchimbaji ulianza 1985, na elektroni na positroni (pacha zake zenye chaji chanya) zikaanza kuzunguka humo 1989. Elektroni ni nyepesi mno: ukiipinda inamwaga nishati kwa mnururisho, ndiyo maana duara likawa kubwa vile. LEP ilizimwa mwaka 2000, ikang'olewa, LHC ikarithi nyumba. Haya nimeyajua kwa jasho. Ilikuwa ziara yangu ya tatu, naongea kwa kujiamini kama muuza dawa wa stendi, nikatamka "handaki la LHC". Mzee mmoja, kofia ngumu imemkaa upande, akainua kidole: "Kijana, mimi nilichimba humu kabla ya hiyo LHC yenu." Mwenye akili zake angesema, karibu mzee wangu, tusimulie. Mimi nikamjibu kwamba huenda anachanganya na handaki la SPS, mashine nyingine ya hapa, lile la kilomita 7. Nikamtajia na mwaka, 1976, kama mtu anayemsahihishia mtoto daftari. Mkewe akaangua kicheko. Mzee mwenyewe hakukasirika, na hapo ndipo niliumia zaidi. Akaanza kusimulia kipande cha chini ya mlima Jura, ambako mashine ziliachwa wakatumia baruti, na jinsi maji yalivyofoka kutoka kwenye mwamba. Wageni wote wakanipa mgongo. Alipofika pale ncha mbili za handaki zilipokutana mwaka 1988, zikiwa zimepishana sentimita moja tu, watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanyaje?

2. Msiruke PS, mashine ya kuongezea protoni kasi. Iliwashwa 1959, miaka mitano tu baada ya CERN yenyewe kuanzishwa, na hadi leo protoni zinazokwenda LHC hupita humo kwanza. Wageni hupenda kusikia kwamba bibi bado yuko kazini.

3. LHC "haikulipuka" 2008. Mwale wa kwanza ulizunguka Septemba 10. Siku tisa baadaye kiungio cha umeme kati ya sumaku mbili kikaharibika, heliamu ya kupoozea sumaku ikafoka kwa tani, sumaku zikasukumwa kutoka mahali pake. Ukarabati ukala zaidi ya mwaka. Elezeni hivyohivyo. Ukitamka "ililipuka", utajibu maswali ya kama LHC itaumba shimo jeusi la kumeza dunia mpaka basi liondoke.

4. Chupa mbili za bia zilizokutwa ndani ya bomba la LEP mwaka 1996 ni habari ya kweli, ila iwekeni mwisho. Mimi niliwahi kuanza nayo. Nikafika kwenye ugunduzi wa chembe ya Higgs, uliotangazwa Julai 4, 2012, sauti imepanda, nangoja watu washangae, bwana mmoja akauliza kwa mara ya nne kama chupa zilikuwa na kitu ndani.

5. Viatu vilivyofunikwa, tafadhali. Nasema hivi kwa sababu Jumamosi hiyohiyo aliyekataliwa kushuka kwa kuvaa ndala hakuwa mgeni.