Milango Miwili Inayotazamana

SWALI: Mhariri, salaam. Nilipotembelea kijiji cha Great Coxwell, kusini mwa Uingereza, nilioneshwa ghala kubwa la kale la mawe. Kwa nini ghala la nafaka liwe na milango mikubwa inayotazamana, mmoja mashariki na mwingine magharibi? Je, ipo sababu ya kuendelea kulitunza ilhali halina kazi tena?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ghala hilo lilijengwa karibu mwaka 1300 na watawa wa monasteri ya Beaulieu, ambao Mfalme John aliwapa ardhi ya eneo hilo. Halikuwa stoo tu, bali pia mahali pa kazi. Miganda ya ngano ilirundikwa kandokando, na katika nafasi iliyoachwa baina ya milango, vibarua waliipura kwa vipande viwili vya mti vilivyounganishwa kwa ngozi, kazi iliyoendelea majira yote ya baridi. Milango ilipofunguliwa, upepo ulipita katikati ukapeperusha makapi, nafaka ikabaki sakafuni. Yeyote aliyewahi kupepeta mpunga akingojea upepo ataelewa mara moja ujenzi huo.

Mpango huo ulidumu karne nyingi. Hata miaka ya 1790, John Soane, msanifu mashuhuri wa London, alipochora majengo ya shamba la Wimpole kwa ajili ya mwenye ardhi aliyetaka kilimo cha kisasa, ghala kubwa la kupuria lilikuwa bado sehemu kuu ya shamba. Kilichoiondoa kazi hiyo ni mashine. Mwaka 1830 vibarua wa kusini na mashariki mwa Uingereza walizivunja mashine za kupura, kwa kuwa kupura ndiko kulikowapa ujira wakati wa baridi, lakini hawakuweza kuzizuia.

Kuhusu kulitunza, naamini ni lazima, tena bila kuligawa. Maghala mengi ya aina hiyo yamegeuzwa nyumba za kuishi: mlango wa mikokoteni huwekwa kioo, ndani hukatwa vyumba, na mtu hawezi tena kuona upepo ulipita wapi. Ghala la Great Coxwell, linalomilikiwa na shirika la kuhifadhi urithi la National Trust tangu mwaka 1956, limebaki ukumbi mmoja, na nguzo zake za mwaloni, zilizosimamishwa juu ya misingi mirefu ya mawe ili zisioze, bado zinabeba paa lilelile.