Jibu: Mwisho wa Twin Peaks haukuwa uzembe
Ndugu yangu, umeuliza kama mwisho wa Twin Peaks ya 2017, ile tamthilia ya televisheni ya Marekani, una maana au waandishi walichoka tu. Mimi naamini una maana, tena nzito.

Tuliimaliza hapa Mwanga, Kigoma, sebuleni kwa shemeji. Cooper, yule mpelelezi, anauliza huu ni mwaka gani, yule mwanamke anayefanana na Laura Palmer, binti aliyeuawa, anapiga yowe, taa za nyumba zinazimika, giza. Dada akasema umeme umekatika, na feni bado inazunguka! Shemeji alikasirika, sehemu 18 zote halafu hakuna jibu. Binti yao alikuwa analia kimya.

Kumbuka, mwaka 1990, kwenye tamthilia ya awali, wenye televisheni walishinikiza muuaji wa Laura Palmer atajwe, kinyume na alivyotaka David Lynch, mmoja wa watunzi wake. Alipotajwa, watazamaji wakapungua. Swali lenyewe ndilo lililokuwa limewashika.

Kwangu mimi, Cooper alitaka kurudi nyuma akafute kifo cha Laura, na hilo haliwezekani. Laura amebadilishwa jina, amehamishwa mji, bado uchungu unamtambua. Irudie ile dakika ya mwisho usiku, ongeza sauti, umsikilize mama yake anavyoita “Laura” kabla ya lile yowe.