"Zizi? Kwani langu lina nini?"

*Shikamoo Mama Mkubwa. Nina miaka 31, ni mhasibu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Mchumba wangu ni Mtanzania mwenzangu anayefanya kazi Bologna, Italia. Sote Wakatoliki, na mahari imeshatolewa. Anataka tufunge ndoa Septemba mwakani huko Toscana, kwenye shamba la zamani lenye ghala la mawe lililogeuzwa ukumbi. Meza ndefu za mbao chini ya mizeituni, taa ndogondogo zimening'inizwa juu kama nyota, ile miti mirefu myembamba imejipanga mpaka kilimani. Wageni 40 tu. Hakuna meza kuu, hakuna mshereheshaji wa kupiga kelele. Baba anasema ndugu zake wameshaanza kuulizia kamati inakaa lini. Mama analia. Bibi yangu wa Rombo aliposikia kuna ghala la wanyama akauliza: "Zizi? Kwani langu lina nini?" Niwaridhisheje wazazi bila kumuudhi mchumba wangu?*
*Niko Njia Panda, Tabata*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kuhusu mchumba wako umeniambia kwamba yuko Bologna na kwamba anataka harusi Toscana, basi. Lakini kuhusu meza, taa na miti umeandika kama mtu anayelala nayo na kuamka nayo. Mwanaume gani anazitazama taa za harusi mpaka azifananishe na nyota? Nadhani harusi hii ni yako. Wewe ndiye uliyeiona kwenye simu usiku wa manane, ukamtumia picha, naye akajibu "sawa mpenzi" kwa sababu kwake ni mwendo wa saa chache kwa gari. Sasa nyumbani kumewaka moto, umemsukuma yeye mbele.

Kama nimekuonea, unisamehe. Kama nimepatia, acha leo hii. Huyo kijana ataingia kwenye ukoo wenu akiwa ameshabandikwa jina la mkwe aliyewapora wazazi harusi ya binti yao. Jina la namna hiyo halibanduki hata mkizaa wajukuu watano.

Kuitaka harusi hiyo si dhambi. Nimekaa kwenye kamati za harusi nyingi mno. Najua bi harusi anavyopandishwa jukwaani mbele ya watu 500, nusu yao hawajui hata jina lake la ubatizo, huku mjumbe wa kamati akimkazia macho mhudumu kwa sababu ya kreti mbili za soda. Kicheni pati, sendofu, vikao vya kila Jumapili, ahadi zisizolipwa, na mwisho wa yote deni la ukumbi. Mtu mzima wa miaka 31 akisema amechoka na hayo, mimi namwelewa. Ila hajachoka kwa sababu ya mchumba. Kachoka mwenyewe, na aseme mwenyewe.

Sasa huyo bibi yako, nimempenda bure. Ameuliza swali la maana kuliko kamati nzima. Unajua zile nyumba za mawe za Toscana zilikuwa za nani? Nyingi walikaa wakulima waliolima ardhi ya mtu na kumpa nusu ya mavuno. Waitalia wanauita utaratibu huo mezzadria, na sheria ya mwaka 1964 ndiyo iliyokataza mikataba mipya ya aina hiyo. Vijana walikuwa wameshaanza kukimbilia viwandani mjini, nyumba zikabaki magofu. Mwaka 1985 ikaja sheria ya kumruhusu mkulima apokee wageni shambani kwake, agriturismo, na ndiyo maana leo zizi linakodishwa kwa euro. Kwa hiyo bibi anaona vizuri kabisa: mnapanda ndege kwenda kusherehekea mahali ambapo wajukuu wa wenyewe walipakimbia, kama ninyi mlivyokimbia kihamba, shamba la ukoo wenu. Sikwambii ukafanyie harusi Rombo, hukuniuliza hilo. (Na hiyo miti yenu mirefu ni misaipresi. Waitalia huipanda sana makaburini. Mama yako asijue.)

Kinachonitisha mimi ni viza. Unasema wageni 40 kana kwamba orodha hiyo mnaiandika ninyi wawili. Wale wa kutoka huku atawachuja ofisa wa viza. Ombi la viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo kwa harusi ya Septemba mlango unafunguliwa Machi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na akinyimwa hazirudi. Kuna bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Kuna taarifa za benki, barua ya mwajiri, na ushahidi kwamba mtu ana cha kumrudisha nyumbani. Baba yako mwenye pensheni huenda akapita. Bibi, ambaye benki yake ni migomba na ng'ombe wawili, ataonyesha karatasi gani? Na kabla ya hapo anahitaji pasipoti ya Sh150,000, na kitambulisho cha taifa cha NIDA ambacho tarehe ya kuzaliwa iliyomo iwe sawa na ya kwenye vyeti vingine. Mwanangu, hapo tu panaweza kula miezi.

Wenye shamba watataka malipo ya awali mapema, pengine mwaka mzima kabla. Maana yake utalipa kwanza, halafu ndiyo ujue kama mama yako atakuwepo. Kaa peke yako chumbani, zima simu, ujiulize: viza ya mama ikikataliwa Julai, nitaendelea? Kama jibu ni ndiyo, mwambie sasa hivi, atalia sasa badala ya kulia Julai. Kama ni hapana, usitume hata euro moja.

Halafu kuna la Kanisa, na hili hukuligusa kabisa. Kanuni ya 1118 inataka ndoa ya Wakatoliki wawili ifungwe kanisani parokiani. Kanisa jingine ni kwa ruhusa, na mahali ambapo si kanisa ni kwa ruhusa ya askofu. Ghala lenye taa nzuri halimo. Ukitaka ndoa ya serikali huko, Italia inadai hati kutoka kwa mamlaka za kwenu kwamba huna kizuizi cha kuoa au kuolewa, wanaiita nulla osta, na ofisa wa manispaa hafungishi ndoa popote mnapopataka, bali jengo la manispaa au mahali palipotengwa nayo. Mashamba mengi yanayong'aa kwenye picha hufanya sherehe tu, ndoa yenyewe imefungwa kwingine.

Ushauri wangu ndio huu, na sitauzungusha. Fungeni ndoa Tabata, parokiani kwenu. Tangazo lisomwe Jumapili tatu, misa iwe ya Jumamosi asubuhi, bibi akae benchi la mbele na kanga yake. Baada ya misa watu wanywe chai na wale ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, uwanjani kwa baba yako, saa kumi jioni kila mtu kwake. Hamna ukumbi wala sendofu. Kisha Septemba nendeni Toscana mkale kwenye meza zenu ndefu, pamoja na marafiki wa Bologna na yeyote wa huku aliyepata viza. Vaa gauni lilelile, nani atakukataza. Akikataliwa mtu viza, atakuwa amekosa karamu tu, ndoa aliiona kwa macho yake.

Kuhusu pesa nina neno moja kali: karamu ya Italia msiichangishie. Hata shilingi. Baba yako mdogo hawezi kuombwa laki mbili kwa pilau atakayoiona kwenye picha. Hiyo lipeni wenyewe kutoka mifukoni mwenu, na kama mifuko haitoshi watu 40, punguzeni wafike 15.

Kwa mama nenda mwenyewe, usimtume shangazi wala usipige simu. Keti kitandani kwake umwambie "mimi ndiye ninayetaka", kwa maneno hayohayo. Atakasirika. Baadaye atauliza gauni ni la rangi gani, hapo utajua mmeelewana. Kwa baba mtangulize mama. Yeye anahitaji sentensi ya kuwaambia ndugu zake, basi mpe: "Ndoa ni hapa, wote mnakaribishwa, hakuna kadi wala mchango." Wapo watakaofurahi kuliko unavyodhani.

Mchumba wako mwombe radhi kwa kumbebesha mzigo usio wake. Afadhali ayasikie kwako kabla hajayasoma hapa.

Na bibi mpelekee picha ya hilo ghala, kubwa, iliyosafishwa vizuri. Jiandae tu, maana atakuuliza ng'ombe wamehamishiwa wapi.

Mama Mkubwa