Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Mhariri, salaam. Kijana wangu wa kidato cha pili anataka kujua kama 4,294,967,297 ni namba tasa. Tumeigawanya kwa kikokotoo cha simu kwa namba tasa zote hadi 97, na kila mara pamekuwa na baki. Naomba jibu lenye sababu, si ndiyo au hapana tu.
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, namba hiyo si tasa, kwani ni zao la 641 na 6,700,417. Kazi mliyoifanya ni sahihi, ila inathibitisha tu kwamba haina kigawo kilicho chini ya 101; ili mwite tasa namba ya ukubwa huo kwa njia hiyo, ingewabidi mfike hadi kwenye kipeuo chake cha pili, na njiani mngekutana na namba tasa 6,542.

Namba yenu ni 2³² + 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17, aliona kwamba 2 ikipewa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ikaongezwa 1, hupatikana 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa, naye akaamini kuwa zinazofuata ni tasa pia. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inayofuata, yaani hii yenu, hugawanyika. Baadaye alithibitisha kuwa kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 64. Sharti hilo hupunguza kazi mno: za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hapo baki linakwisha.

Kijana anaweza kuthibitisha hata bila kugawanya, na uthibitisho huu ni mzuri kiasi kwamba ningependa auandike kwa mkono wake. Kwanza, 640 ni 5 × 2⁷, kwa hiyo 640⁴ ni 5⁴ × 2²⁸. Na kwa kuwa x⁴ − 1 daima hugawanyika kwa x + 1, basi 5⁴ × 2²⁸ − 1 hugawanyika kwa 641. Pili, 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Tukiizidisha kwa 2²⁸ tunapata 5⁴ × 2²⁸ + 2³², ambayo nayo hugawanyika kwa 641. Atoe ile ya kwanza katika hii ya pili, na kinachosalia ni 2³² + 1.

Kigawo cha pili, 6,700,417, ni tasa. Kuhusu namba nyingine za mfuatano wa Fermat, hakuna tasa iliyowahi kupatikana baada ya 65,537, lakini pia hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.